Thomas Hutchinson: Gavana aliyebomolewa jumba kwa sheria asiyoitaka

KATIKA mtaa wa North End, jijini Boston, Marekani, ipo njia fupi iitwayo Garden Court. Mgeni apitaye hapo leo haoni dalili yoyote ya jumba la matofali la ghorofa tatu, lenye kuba juu ya paa, lililokuwa mojawapo ya makao ya fahari katika makoloni ya Uingereza huko Amerika. Mwenye jumba hilo alikuwa Thomas Hutchinson, mzaliwa wa mji huo, aliyepanda ngazi za uongozi hadi akawa gavana wa Massachusetts, na akaishia kuwa kiongozi aliyechukiwa mno na watu wake mwenyewe.

Hutchinson alizaliwa Septemba 9, 1711, katika ukoo wa wafanyabiashara wakwasi. Alikuwa kilembwe wa Anne Hutchinson, mwanamke aliyefukuzwa katika koloni hilo katika karne iliyotangulia kwa sababu ya mafundisho yake ya dini. Akiwa na umri wa miaka 12 tu alijiunga na chuo cha Harvard, akahitimu mnamo 1727. Mkewe, Margaret Sanford, alifariki mnamo 1754 na kumwachia watoto watano. Hutchinson hakuoa tena.

Siasa alizianza mapema. Mnamo 1737 alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi, akawa Spika mnamo 1746. Koloni lilikuwa limejaa noti za karatasi zilizopungua thamani kila uchao. Mnamo 1749 Hutchinson alitumia fedha zilizotoka London, fidia ya gharama za vita vya kuiteka ngome ya Louisbourg, kuziondoa noti hizo na kurejesha sarafu za fedha. Waliokuwa na madeni hawakumsamehe. Nyumba yake iliposhika moto mwaka huo, inasimuliwa kwamba baadhi ya waliokusanyika barabarani walitaka iachwe iteketee.

Alifanywa Naibu Gavana mnamo 1758, kisha Jaji Mkuu, ingawa hakuwa amesomea uanasheria. Vyeo hivyo viwili alivishika kwa pamoja, huku jamaa zake wakishika vingine. Hapa mahasimu wake walikuwa na hoja, na yeye hakuwahi kuitambua vyema.

Ndipo mnamo 1765 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Stempu, iliyotoza ushuru magazeti, leseni na hati za kisheria katika makoloni. Hutchinson binafsi aliiona sheria hiyo kuwa kosa na alitoa hoja za kuipinga kwa maandishi yaliyopelekwa London. Hata hivyo, hakuyatangaza hadharani. Aliamini kwamba sheria ikishapitishwa, mtumishi wa Mfalme hana budi kuitii. Aidha, aliyeteuliwa kugawa stempu hizo alikuwa Andrew Oliver, mwanyumba wake, kwani walioa dada wawili. Mjini ikaenea habari kwamba Hutchinson ndiye aliyeichochea sheria.

Usiku wa Agosti 26, 1765, alikuwa mezani akila chajio na wanawe alipopata habari kwamba umati ulikuwa njiani. Aliwaamuru watoto wakimbie, akakusudia kubaki. Binti yake Sarah alirudi na kukataa katakata kuondoka bila babake, na pengine ukaidi wa msichana huyo ndio uliomwokoa. Umati uliingia kwa mashoka. Kufikia alfajiri kuta za ndani zilikuwa zimebomolewa, kuba limeangushwa, miti ya bustani imekatwa, na pauni 900 taslimu zimetoweka. Muswada wa historia ya Massachusetts aliyokuwa akiiandika ulitupwa matopeni. Kasisi jirani, Andrew Eliot, aliziokota kurasa hizo, na juzuu hiyo ya pili ikachapishwa mnamo 1767.

Asubuhi iliyofuata Jaji Mkuu alifika mahakamani akiwa katika mavazi aliyobaki nayo na mengine ya kuazima. Baadaye koloni lilimlipa fidia ya zaidi ya pauni 3,190.

Mtu mwingine angaliachana na siasa. Yeye akawa gavana kamili mnamo 1771. Miaka miwili baadaye barua zake za siri, alizodokeza ndani yake kwamba uhuru wa wakoloni ungepaswa kupunguzwa, zilitumwa Boston na Benjamin Franklin na kuchapishwa. Desemba mwaka huo huo alikataa kuziruhusu meli zilizobeba chai kuondoka bandarini kabla ya ushuru kulipwa. Wanawe wawili walikuwa miongoni mwa mawakala wa chai hiyo. Usiku wa Desemba 16, 1773, masanduku 342 yakatoswa baharini.

Juni 1, 1774, Hutchinson alisafiri kwenda London akidhani atarejea baada ya muda mfupi. Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunuku shahada ya heshima mnamo Julai 4, 1776, siku ile ile makoloni yalipoidhinisha Azimio la Uhuru. Mali yake ilitaifishwa. Binti yake Peggy alifariki ugenini mnamo 1777, na mwanawe Billy mapema 1780. Yeye mwenyewe aliaga dunia Juni 3, 1780, wakati London nayo ilikuwa imetekwa na ghasia za umati uliochoma nyumba za watu. Alizikwa Croydon, alikozikwa Peggy.

Jumba la Garden Court lilikarabatiwa, likadumu hadi lilipobomolewa kabisa mnamo 1833. Nyumba yake nyingine, aliyoijenga mashambani Milton mnamo 1743 na kuipenda kuliko zote, ilinunuliwa mnamo 1781 na James Warren, ambaye mkewe, Mercy, alikuwa dada wa James Otis, hasimu mkuu wa Hutchinson. Nayo haipo tena. Kilichosalia Milton ni kiwanja cha nyasi kiteremkacho kuelekea Mto Neponset, ambacho hadi leo huitwa kwa jina la gavana huyo.