Victor Hess, Mkatoliki Aliyeifuata Mionzi Angani



Vijana wa TYCS wanaomaliza kidato cha sita huniuliza sana swali moja: Frateri, nikienda chuo kusoma fizikia, si nitaipoteza imani? Huwa sianzi na hoja za filosofia, ingawa ndizo nilizosomea. Huwa nawasimulia habari za Victor Franz Hess.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1883 katika ngome ya Waldstein, huko Styria nchini Austria. Baba yake alikuwa bwana misitu. Alisoma Chuo Kikuu cha Graz, akapata udaktari mwaka 1906, kisha akaenda Vienna kufanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Radiamu.

Wakati ule wanafizikia walikuwa na kitendawili. Kifaa chao kiitwacho elektromita, hata kikifungwa vizuri ndani ya chuma, kilikuwa kinapoteza chaji ya umeme polepole, kana kwamba kuna kitu kisichoonekana kinapenya. Wengi walisema ni mionzi ya madini ya ardhini. Kama ni hivyo, ukipanda juu si inapaswa kupungua haraka? Padre Theodor Wulf, Myesuiti Mjerumani, alitengeneza elektromita imara ya kubebeka, na mwaka 1910 akapanda nayo Mnara wa Eiffel pale Paris. Mionzi ilipungua kweli, lakini kidogo mno kuliko ilivyotarajiwa. (Ndiyo, padre! Wanaodhani maabara na sakristia ni maadui wasome hapo mara mbili.) Mwitalia Domenico Pacini naye alipima chini ya maji ya bahari, akakuta mionzi imepungua. Yaani haikuwa inatoka chini.

Hess hakukimbilia hitimisho. Kwanza alipima mionzi ya radiamu inafika umbali gani hewani kabla ya kumezwa. Alipojua kwamba mita mia kadhaa tu zinatosha kuimaliza, ndipo akaamua kupanda puto. Sisi wa filosofia tunaweza kubishana wiki nzima tukiwa tumekaa kwenye viti. Huyu jamaa aliingia kwenye kikapu akaenda kuangalia.

Mwaka 1912 peke yake aliruka mara saba. Tarehe 17 Aprili aliruka wakati jua linapatwa. Mwezi ulifunika sehemu kubwa ya jua, lakini mionzi haikupungua, na usiku nao haukuleta tofauti. Basi jua halikuwa chanzo kikuu. Safari iliyomaliza ubishi ilikuwa ya tarehe 7 Agosti. Yeye na wenzake wawili waliondoka asubuhi Aussig, mji wa Bohemia, katika puto la haidrojeni, wakafika mita 5,350 na kutua Pieskow, si mbali na Berlin. Kwa urefu huo hawakuwa mbali sana na kimo cha kilele cha Kilimanjaro, na hewa ya huko waliopanda wanaijua. Karibu na ardhi mionzi ilipungua kidogo, halafu ikaanza kupanda, na kwenye mita elfu tano ilikuwa kama mara mbili ya ile ya chini. Hess akasema wazi kwamba inatoka nje ya dunia yetu.

Wapo waliokataa, na miaka ikapita. Robert Millikan wa Marekani, aliyekuwa na mashaka, mwishowe alikubali na kuipa jina la mionzi ya kosmiki. Alidhani ni miale kama ya gama, lakini Arthur Compton na wengine wakaonyesha kuwa sehemu kubwa ni chembe zenye chaji. Leo tunajua nyingi ni protoni, zikifuatiwa na viini vya heliamu na vingine vizito zaidi. Zile zenye nguvu kubwa kupindukia bado zinatafutiwa chanzo, kwa mitambo iliyotandazwa kilomita za mraba 3,000 huko Argentina.

Hess alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1936, pamoja na Carl Anderson. Kufikia hapo radiamu ilikuwa imeshamuunguza, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekatwa.

Kisha ikaja 1938. Wanazi walipoichukua Austria, profesa huyu mwenye Nobel alifukuzwa kazi. Mke wake, Bertha, alikuwa na asili ya Kiyahudi, na yeye mwenyewe alijulikana kama Mkatoliki asiyeificha imani yake. Hakumwacha mke wala imani. Wote wawili wakakimbilia Uswisi, halafu New York, ambako Wayesuiti wa Chuo Kikuu cha Fordham walimpokea kufundisha.

Mwaka 1946 aliandika makala kuhusu imani yake, akieleza kwamba katika miaka yote ya utafiti hakuona ugomvi kati ya sayansi na dini. Aliyasema hayo akiwa mtu aliyekwisha kupoteza kidole kwa ajili ya kazi, na kazi na nchi kwa sababu ya Wanazi. Alifariki tarehe 17 Desemba 1964 huko Mount Vernon, karibu na New York, akiwa na miaka 81.