Bill Monroe na Nyuzi Nne Zilizong'olewa

Wapenzi wa santuri huniuliza waanzie wapi katika bluegrass, ule muziki wa mashamba ya Marekani. Mimi huwaelekeza kwa marehemu Bill Monroe, na zile nyimbo alizorekodi Chicago mwezi wa Septemba 1946.

Alizaliwa Rosine, jimbo la Kentucky, mwaka 1911, kitinda mimba wa watoto wanane, macho yake mabovu. Ndugu zake wakubwa walishika fidla na gitaa wakamwachia mandolini; tena, yasimuliwa, wakamng'olea nyuzi nne katika nane asije akawazidi kwa kelele. Alipotimia miaka 16 alikuwa hana baba wala mama. Akaishi kwa mjomba wake, Pen Vandiver, mpiga fidla.

Sasa zisikilize santuri hizo. Banjo ya Earl Scruggs yanyesha kama mvua juu ya mabati (na asili ya banjo ni kwetu Afrika, ilivuka bahari na watumwa). Lakini hiyo mandolini! Nyuzi zote nane, kavu, kali, haimezwi na chombo chochote. Sisi tuliokulia gambusi na udi twaujua mkono kama ule. Mwenye mitambo ya bei asitafute sauti ya kulia na ya kushoto, hazimo. Mkusanyo uliotolewa 1992, wa nyimbo za 1945 hadi 1949, wamtosha.

Mandolini yake aliinunua kwa kinyozi, mjini Miami. Mwaka 1985 mtu aliingia nyumbani mwake akaipasuapasua. Mafundi wa Gibson wakaiunga kibanzi kwa kibanzi, naye akaipiga tena karibu hadi kufa kwake, 1996.