Chamberlain: Meya aliyetafuta dawa ya deni kabla ya kukopa

Joseph Chamberlain alizaliwa London, Uingereza, Julai 8, 1836, baba yake akiwa mfanyabiashara wa viatu. Aliacha shule akiwa na miaka 16. Mwaka 1854 alipelekwa mji wa Birmingham kuangalia fedha ambazo familia yake ilikuwa imewekeza katika kiwanda cha skrubu. Huko alishughulikia hesabu na mauzo, na mwaka 1874 akastaafu biashara akiwa tajiri.

Wakati huo alikuwa tayari meya, baada ya kuchaguliwa diwani mwaka 1869. Alipokea mji ambao maskini wake wengi walichota maji ya visima vichafu, na maradhi yalikuwa mengi. Kwa miaka mingi, uongozi bora katika baraza lake ulihesabiwa kuwa ni kubana matumizi na kukwepa madeni.

Chamberlain alishawishi baraza likope ili kununua kampuni mbili za gesi, iliyotumika kuwasha taa. Bei ilikuwa karibu pauni milioni 2, fedha nyingi mno kwa mji wa wakati ule. Wahenga wanasema dawa ya deni ni kulipa. Yeye alikwisha kupiga hesabu kwamba wateja wa gesi ndio watakaolipa deni hilo, si kodi mpya. Mwaka wa kwanza tu faida ilifika pauni 34,000. Baadaye bei ya gesi ilishushwa, na jumba la makumbusho na sanaa lililofunguliwa mwaka 1885 lilijengwa kwa fedha za gesi.

Kisha mji ulinunua kampuni ya maji kwa pauni 1,350,000. Hapa alibadili kanuni: gesi ilete faida, lakini maji ni uhai, hivyo ziada yoyote ipunguze bei kwa mwananchi.

Mpango wake wa tatu, wa mwaka 1875, ulikuwa kubomoa vibanda vya katikati ya mji na kufungua barabara mpya ya maduka. Viwanja vilibaki mali ya mji, vikakodishwa kwa miaka 75. Lakini hapo ndipo alipopungukiwa: wengi waliovunjiwa hawakujengewa nyumba nyingine.

Mwaka 1876 aliacha umeya na kuingia bungeni. Kuanzia 1895 hadi 1903 alikuwa Waziri wa Makoloni, na Desemba 1902 alifika Mombasa na kupanda treni ya reli ya Uganda. Jina lake katika Afrika lilichafuliwa na vita ya Makaburu. Alifariki Julai 2, 1914.

Kwa mkulima na mchuuzi anayelipa ushuru, maisha yake yanaacha maswali matatu ya kuuliza halmashauri inapotaka kukopa: fedha zinanunua nini, nani atalipa, na ni nani atakayeumia.