Yusuf bin Hassan: Mfalme Asiyetajwa Langoni

Kutoka uwanja wa Makadara hadi lango la Ngome ya Yesu ni mwendo mfupi kwa miguu. Juu ya lango hilo pana maandishi ya Kireno ya mwaka wa 1639. Yanamsifu Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuijenga upya ngome, kuitiisha pwani na kuiadhibu miji iliyoasi, ikiwemo Pate na Siyu. Aliyeanzisha uasi huo anatajwa kuwa mfalme dhalimu tu. Jina lake halimo. Mfalme huyo ni Yusuf bin Hassan.

Yusuf alizaliwa yapata mwaka wa 1607 katika ukoo wa masultani wa Malindi, ambao Wareno waliukalisha Mombasa wakati ngome ilipoanza kujengwa mwaka wa 1593. Baba yake, Sultani Hassan bin Ahmad, alikosana na kapteni wa ngome, akakimbilia Rabai, na huko akauawa mwaka wa 1614 kwa hila ya Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya utawala wao katika Bara Hindi. Mwanawe, mtoto wa miaka 7 hivi, alipelekwa mji uo huo.

Goa ilikuwa mji wa Kizungu katika ardhi ya Bara Hindi. Kwenye ukingo wa mto Mandovi, waliposhukia wageni, palisimama Tao la Makamu wa Mfalme. Francisco da Gama alilijenga mwishoni mwa karne ya 16 kuadhimisha miaka 100 tangu Vasco da Gama, ambaye yeye alikuwa kitukuu chake, kufika Bara Hindi mwaka wa 1498. Kila mtawala mpya aliyetoka Lisbon alipita chini yake. Desturi ya matao ya ushindi ilianzia kwa Warumi, na ndiyo iliyozaa pia tao mashuhuri la Paris lililokamilika mwaka wa 1836. Kwa kawaida matao hayo hulitukuza jina la mshindi; aliyeshindwa, akionekana, huonekana akiwa mateka.

Katika mji huo wa tao, mateka kutoka Mombasa alilelewa na watawa wa Kiagostino. Alibatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akajifunza Kireno, akatumikia merikebu za vita na kuoa mke Mkristo. Mwaka wa 1626, wakati Francisco da Gama yuyo huyo akitawala Goa kwa mara ya pili, kijana huyo alirudishwa Mombasa kushika kiti cha baba yake. Machoni pa Wareno, naye alikuwa alama ya ushindi wao.

Haikuwa hivyo. Raia walimwona mgeni katika mji wake, na ngomeni alitendewa kama mtumishi. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa alipata habari kwamba mfalme huzuru kaburi la baba yake na kuomba dua kwa desturi ya Kiislamu. Alinuia kulifikisha shauri hilo Goa. Yusuf hakungoja. Mnamo tarehe 16 Agosti 1631, aliingia ngomeni na wafuasi wake, akamuua kapteni na kutangaza kurejea kwake katika Uislamu. Yaliyofuata hayana budi kuelezwa waziwazi: Wareno wa mjini waliuawa, watoto na wanawake wakiwemo, pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao. Kisasi cha mtoto aliyedhulumiwa kiliwaangukia watoto wengine.

Mapema mwaka wa 1632, kikosi cha merikebu kutoka Goa kiliizingira Mombasa, kikashindwa kuitwaa, kikaondoka. Hata hivyo, Yusuf alijua kwamba kingerudi. Mwezi Mei mwaka huo aliuharibu mji, akaondoka kwa merikebu aliyoiteka, akawa haramia wa baharini. Wareno waliikuta ngome tupu. Yusuf alifariki katika eneo la Bahari ya Shamu mwaka wa 1638. Mwaka uliofuata ndipo maandishi ya Cabreira yalipowekwa langoni.

Habari za Yusuf zimehifadhiwa zaidi katika barua na ripoti za maadui zake, na katika ushahidi uliokusanywa na Kanisa kuhusu waliouawa. Yeye mwenyewe hakuacha jiwe. Kwa hiyo, mwanafunzi wa historia na fasihi ya pwani hana budi kuyasoma maandishi ya ukumbusho kama asomavyo utenzi: aulize nani ametunga, kwa ajili ya nani, na nani amenyimwa sauti. Ngome ya Yesu sasa ni makumbusho, na mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wengi hupita chini ya maandishi yale kila siku. Anayeijua habari ya Yusuf bin Hassan huyasoma pamoja na jina lililoachwa.