Anne wa Uingereza

Anne wa Uingereza (6 Februari 1665 – 1 Agosti 1714) alikuwa malkia wa Uingereza, Uskoti na Ireland kuanzia tarehe 8 Machi 1702. Uingereza na Uskoti zilipounganishwa mwaka 1707 akawa mtawala wa kwanza wa Britania Kuu. Alikuwa pia mtawala wa mwisho wa ukoo wa Stuart. Alishika mimba 17 lakini hakuacha mrithi hata mmoja, na sababu yake bado inajadiliwa. Maelezo yanayotajwa mara nyingi siku hizi ni kwamba alikuwa na ugonjwa unaofanya kinga ya mwili ishambulie mwili wenyewe.

Tarehe za makala hii zinafuata kalenda ya Juliasi, iliyotumika Uingereza hadi mwaka 1752.

Utoto na ndoa

Anne alizaliwa London katika jumba la St James's. Alikuwa binti wa pili wa James, mdogo wake mfalme Charles II, na mkewe Anne Hyde. Macho yalimsumbua tangu utotoni, akapelekwa Ufaransa kutibiwa. Huko alilelewa na bibi yake mzaa baba, kisha na shangazi yake. Wote wawili walifariki akiwa bado mdogo, akarudishwa nyumbani mwaka 1670. Mwaka uliofuata alifiwa na mama. Baba yake alijiunga na Kanisa Katoliki, lakini mfalme aliagiza Anne na dada yake Mary walelewe katika Kanisa Anglikana, jambo ambalo baadaye liliwafungulia wote wawili njia ya kutawala. Mwaka 1677 aliugua ndui akapona.

Tarehe 28 Julai 1683 aliolewa na George, mwana wa mfalme wa Denmark. Ndoa hiyo ilipangwa kwa sababu za kisiasa, lakini wenyewe walipendana, wakaishi pamoja miaka 25 hadi George alipofariki mwaka 1708.

Mimba na watoto

Mtoto wa kwanza, wa kike, alizaliwa Mei 1684 akiwa amekufa. Wawili waliofuata, Mary (1685) na Anne Sophia (1686), walizaliwa wazima. Januari 1687 mimba nyingine iliharibika, na kabla mama hajapata nafuu, ndui iliingia nyumbani. Mume aliugua, na watoto pia. Anne Sophia alifariki tarehe 2 Februari, na Mary siku sita baadaye. Oktoba mwaka huohuo alijifungua mtoto wa kiume mfu, na Aprili 1688 mimba ikatoka tena.

William alizaliwa tarehe 24 Julai 1689, na ndiye pekee aliyevuka utoto mchanga kwa miaka kadhaa. Baada yake alizaliwa Mary mwingine mwaka 1690, njiti aliyeishi saa mbili tu, kisha George mwaka 1692, aliyeishi dakika chache. Kuanzia 1693 hadi Januari 1700 Anne alishika mimba nane zaidi, na hakuna hata moja iliyoleta mtoto hai.

William hakuwa na afya nzuri, lakini taifa zima lilimtegemea. Alifariki tarehe 30 Julai 1700, siku sita baada ya kutimiza miaka 11. Anne, akiwa na umri wa miaka 35, hakushika mimba tena. Kwa jumla mimba 12 zilitoka au kuishia kwa watoto wafu, na kati ya watoto watano waliozaliwa hai hakuna aliyefikia utu uzima.

Maelezo ya kitabibu

Madaktari wa zama zake walikuwa na dawa za mitishamba, kumtoa mgonjwa damu na safari za kwenda kuoga katika chemchemi za mji wa Bath. Hawakuwa na njia ya kujua kinachotokea ndani ya tumbo la uzazi.

Zamani ilifikiriwa kwamba damu ya Anne na ya mumewe hazikupatana katika kundi la Rhesus. Maelezo hayo yana kasoro. Tatizo la Rhesus kwa kawaida huuacha uzao wa kwanza salama, kisha madhara huongezeka kwa kila mimba. Kwa Anne mtoto wa kwanza alikufa, wawili waliofuata wakawa wazima, na William akazaliwa hai baada ya hasara tatu mfululizo.

Mwaka 1992 daktari H. E. Emson, akiandika katika jarida la madaktari la Uingereza, alipendekeza kwamba malkia alikuwa na lupasi. Katika ugonjwa huu kingamwili, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hushambulia viungo, ngozi, figo na damu ya mgonjwa mwenyewe. Anne alisumbuliwa na maumivu makali ya viungo tangu akiwa kijana. Wakati ule yaliitwa jongo, ugonjwa ambao ni nadra kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi. Uso wake pia ulikuwa mwekundu wenye mabaka, ingawa makovu ya ndui yanaweza kuwa yalichangia.

Lupasi mara nyingi huandamana na hali nyingine iliyoelezwa kwa ukamilifu mwaka 1983 na daktari Graham Hughes wa London, na hivyo huitwa pia sindromu ya Hughes. Hapa kingamwili hufanya damu igande kwa urahisi na kuvuruga ukuaji wa kondo la nyuma. Kondo ndilo linalompa mtoto hewa na chakula kutoka kwa mama. Likidhoofika, mimba hutoka mapema, au mtoto hudumaa, huzaliwa njiti au hufia tumboni. Mama naye yumo hatarini, kwa sababu presha ya ujauzito inayoweza kuleta kifafa cha mimba huwapata zaidi wanawake wa namna hii. Baadhi ya kingamwili huvuka kondo na kumfikia mtoto mwenyewe. Aina moja huweza kupunguza kasi ya mapigo ya moyo wake moja kwa moja, na zile za ugonjwa wa tezi la shingo huweza kuliathiri tezi lake.

Damu ya Anne haikupimwa wala haitapimwa, hivyo maelezo haya yote ni dhana, hata kama yanalingana na habari zake kuliko mengine.

Leo hali hiyo hugunduliwa kwa vipimo vya damu vinavyorudiwa baada ya angalau wiki 12, na mjamzito hupewa aspirini kidogo kila siku pamoja na sindano za heparini. Wengi wanaotibiwa hivyo hupata mtoto hai. Katikati ya Dar es Salaam, mama wa Kariakoo huanzia kliniki kama ya Mnazi Mmoja, na akihitaji bingwa hupewa rufaa kwenda Muhimbili. Aspirini yenyewe ni rahisi kuipata katika maduka ya dawa ya Kariakoo, lakini kujitibu bila daktari ni hatari. Shida kubwa zaidi ni kwamba mwanamke ambaye mimba zimemtoka mara tatu mfululizo bado husemwa kuwa amerogwa au ana mkosi, na miaka hupita bila damu yake kupimwa.

Urithi wa ufalme

Kifo cha William kiligeuza msiba wa familia kuwa suala la nchi. Mwaka 1701 bunge lilipitisha sheria ya kuwanyima Wakatoliki kiti cha ufalme, na kumpa haki ya urithi Sophia wa Hannover, huko Ujerumani, pamoja na uzao wake wa Kiprotestanti. Zaidi ya watu 50 waliokuwa na undugu wa karibu zaidi na Anne walirukwa kwa sababu ya dini.

Utawala

Anne alitawazwa tarehe 23 Aprili 1702. Maumivu ya miguu yalimzuia kutembea, akabebwa kwa machela. Hata hivyo alihudhuria vikao vya mawaziri kwa bidii kuliko wafalme wengi waliomfuata. Mwaka 1708 alikataa kuidhinisha muswada wa jeshi la mgambo la Uskoti, na tangu hapo hakuna mtawala wa Uingereza aliyekataa muswada wa bunge.

Vita vya kugombea urithi wa Hispania vilichukua karibu utawala wake wote, na vilimalizwa kwa mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713. Msomaji wa Afrika hana budi kujua kwamba katika makubaliano hayo Uingereza ilijipatia haki ya kupeleka watumwa Waafrika 4,800 kila mwaka katika makoloni ya Hispania kwa miaka 30.

Kifo

Sophia alifariki Hannover mwishoni mwa Mei 1714, na Anne akamfuata tarehe 1 Agosti katika jumba la Kensington, akiwa na miaka 49. Alizikwa Westminster Abbey kando ya mumewe. Ufalme ulikwenda kwa mwana wa Sophia, George I, aliyekuja kutoka Ujerumani akiwa hajui Kiingereza vizuri.