Tujifunze kwa Raoul Diagne

Kila mara kijana wetu anapopata nafasi ya kwenda ng'ambo kucheza kandanda ya kulipwa, Visiwani husikika kauli za namna mbili. Wapo wanaomshangilia kana kwamba taifa zima limekwisha shinda, na wapo wanaomhesabu kuwa ni mtu aliyekwisha potea. Kauli zote mbili zina kasoro. Leo tunapenda kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake ni maarufu Senegal na Ufaransa, ingawa huku kwetu hutajwa kwa nadra. Mtu huyo ni Raoul Diagne, mlinzi hodari wa kandanda, aliyefariki dunia mwaka 2002.

Haiwezekani kumweleza Raoul bila ya kuanza na baba yake, Blaise Diagne. Blaise alizaliwa mwaka 1872 katika Gorée, kisiwa kidogo kilicho mbele ya Dakar, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kituo cha biashara ya watumwa. Sisi wa visiwa hivi, ambako soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuzaliwa mahali pa namna hiyo. Blaise alisoma, akawa ofisa wa forodha wa Serikali ya Kifaransa, akahamishwa kutoka koloni moja hadi jingine. Katika utumishi huo, huko Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini, ndiko alikozaliwa Raoul tarehe 10 Novemba 1910, katika mji wa Saint-Laurent-du-Maroni. Mama yake alikuwa Mfaransa.

Mwaka 1914 Blaise alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Paris, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata cheo hicho. Waliomchagua walikuwa wapiga kura wa miji minne tu ya Senegal: Dakar, Saint-Louis, Rufisque na Gorée. Mwaka 1917 alisimama Bungeni kuwalaumu majemadari kwa jinsi askari wa Kiafrika walivyoangamia katika mapigano ya Chemin des Dames. Hata hivyo, mwaka 1918 alikubali kurudi Afrika Magharibi kuandikisha askari wengine, akapata zaidi ya 60,000. Aliamini kwamba damu ya Mwafrika ingenunua haki sawa. Kwa insafu tunasema alikuwa na hoja yake. Lakini haki hiyo haikulipwa. Wakazi wa ile miji minne walithibitishiwa uraia kwa sheria ya mwaka 1916, ilhali umma mkubwa wa Senegal ulibaki chini ya amri za mkoloni.

Raoul alikulia Paris, akajiunga na klabu ya Racing. Tarehe 15 Februari 1931, akiwa na umri wa miaka 20, aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa dhidi ya Chekoslovakia katika uwanja wa Colombes. Hakuna mtu mweusi aliyepata kuivaa jezi ile kabla yake. Mwaka huohuo baba yake alikuwa naibu waziri anayeshughulikia makoloni. Na ilikuwa katika mwaka huohuo, mjini Paris, ndipo wakoloni walipofungua maonyesho makubwa ya makoloni yao, ambamo watu wa Afrika, Asia na visiwa vya Pasifiki waliwekwa kutazamwa na umati pamoja na ngoma zao na vibanda vyao. Mtu mweusi mmoja alipigiwa makofi uwanjani, na ndugu zake wakaoneshwa kama vitu vya ajabu mwendo mfupi kutoka hapo. Hivyo ndivyo ukoloni ulivyokuwa: ulimpandisha mmoja ili maelfu wasiulize kwa nini wao wako chini.

Haya hayapunguzi uhodari wa Raoul mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwenye miguu mirefu ambayo aliitumia kuteleza chini na kuunyakua mpira hata pale mshambuliaji alipodhani amekwisha mpita. Kwa sababu hiyo walimpa lakabu ya Buibui. Kazi yake hasa ilikuwa beki, lakini aliweza kucheza nafasi nyingine pia, na iliwahi kutokea akasimama golini. Kandanda ya kulipwa ilianzishwa rasmi Ufaransa mwaka 1932. Mwaka 1936 Racing ilitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Ufaransa katika msimu mmoja, kisha ikatwaa tena kombe hilo mwaka 1939 na 1940. Timu ya taifa aliichezea mara 18 hadi mwaka 1940, na hakufunga hata bao moja. Mlinzi hahesabiwi kwa mabao aliyofunga. Hesabu yake ni yale ambayo hayakufungwa, na hayo hakuna anayeyaandika.

Mwaka 1938 mashindano ya Kombe la Dunia yalifanyika Ufaransa, na Raoul alikuwa miongoni mwa wachezaji wa timu hiyo. Waliifunga Ubelgiji mabao 3 kwa 1. Tarehe 12 Juni, katika robo fainali, walikutana na Italia ya Mussolini, ambayo wachezaji wake waliingia uwanjani na jezi nyeusi, rangi ya chama cha mafashisti. Ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu majeshi ya Mussolini kuiteka Uhabeshi kwa mabomu na gesi ya sumu. Ufaransa ilishindwa mabao 3 kwa 1. Italia ikaendelea hadi kulichukua Kombe.

Vita kuu ya pili ilipozuka mambo yakavurugika. Raoul alihamia kucheza Toulouse, na baadaye akashika kazi ya kufundisha kandanda. Laiti habari zake zingekomea hapo, tungesema alikuwa mchezaji bora wa Ufaransa mwenye asili ya Senegal, basi. Lakini hazikukomea hapo.

Senegal ilipata uhuru wake mwaka 1960. Taifa hilo changa lilimkabidhi Raoul Diagne timu yake ya kandanda. Mwezi Aprili 1963 Dakar ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Urafiki, mashindano ya nchi zinazotumia Kifaransa pamoja na Ufaransa yenyewe. Katika kandanda, Senegal ilikutana na Ufaransa, ikaishinda, kisha ikatwaa medali ya dhahabu. Ukweli hauna budi kusemwa: timu ile ya Ufaransa ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa, si timu kamili ya taifa. Lakini kwa wananchi wa Dakar, ambao miaka mitatu tu nyuma walikuwa wakitawaliwa, hilo halikupunguza furaha. Aliyewaongoza alikuwa mtu aliyeijua kandanda ya Ufaransa kutoka ndani, kwa kuwa aliicheza kwa miaka kumi.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ya baba na mwana. Baba aliwatoa watu Afrika akawapeleka Ufaransa kuitetea Ufaransa. Mwana aliyachukua maarifa ya Ufaransa akayaleta Afrika yawafae Waafrika. Wahenga wetu wamesema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Raoul hakuzaliwa Senegal wala hakulelewa huko, na aliyetaka kumwita mtumwa mwaka 1931 asingekosa la kusema. Lakini hukumu ya mtu haitolewi safari ikiwa katikati.

Raoul aliishi umri mrefu. Tarehe 31 Mei 2002, mjini Seoul, Senegal ilicheza mchezo wake wa kwanza kabisa wa Kombe la Dunia, dhidi ya Ufaransa iliyokuwa bingwa wa dunia. Safari hii Wafaransa hawakuleta timu ya ridhaa. Senegal ilishinda kwa bao moja la Papa Bouba Diop, na karibu wachezaji wote wa Senegal siku ile walikuwa wakilipwa na klabu za Ufaransa. Tarehe 12 Novemba mwaka huo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 92, Raoul Diagne alifariki dunia.

Tunayasema haya kwa vijana wetu na kwa viongozi pia. Kijana anayekwenda ng'ambo asionewe haya wala asitukuzwe kupita kiasi. Aende akachume elimu, na ajue kwamba makofi ya ugenini humalizika pale miguu inapochoka, ila maarifa hubaki. Na kwa upande wa wenye dhamana, tusitosheke na kupiga picha naye siku ya kuondoka. Senegal ilimpa Raoul timu ya kufundisha, na kama isingempa, ujuzi wake wote angezikwa nao. Tujiulize basi: kijana wetu atakaporudi, miguu imechoka lakini kichwa kimejaa, atakuta uwanja na watoto wa kuwafundisha, au atakuta ofisi ya kuambiwa aje kesho? Jibu la swali hilo liko mikononi mwetu, na inafaa lipatikane kabla hajarudi.