Mama Kevina, Mwalimu na Mama wa Wengi

Msafiri atokaye Singida kwenda Igunga hushuka mlima Sekenke, na akifika chini huiona mbuga ya Wembere imetandaa mbele yake. Jina la Sekenke lajulikana mbali kwa sababu ya dhahabu. Wajerumani walichimba mgodi hapo, na katika mwaka 1916, vita vilipokuwa vikali na fedha zimeadimika, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikafuliwa kuwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Hivyo dhahabu iliyotolewa ardhini kwa jasho la watu ikaenda kulipia vita.

Lakini vita vile vililipiwa pia kwa mabega ya watu. Maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya pande zote mbili. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, latukumbusha mpaka leo kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kwa wakubwa wa vita, mzigo wa mwenzio ulikuwa kanda la usufi. Kumbe wapagazi walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa uchovu kuliko kwa risasi. Wengine waliletwa wagonjwa katika misioni ya Nsambya, karibu na Kampala, na huko walipokewa na sista mmoja aliyewauguza kama watoto wake, wala hakunyamaza alipoona jinsi walivyotendewa. Watu walimwita Mama Kevina. Twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, kwa maana tunadhani kwamba jamaa zetu zina neno la kujifunza kwake.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na Arklow, katika nchi ya Ireland. Hakumwona baba yake, kwa kuwa alikufa katika ajali miezi michache kabla binti huyu hajazaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi mama yake naye akafariki, akalelewa na bibi yake, mzaa mama. Bibi huyo alipokufa, Teresa alikuwa msichana wa miaka 17. Alitamani kuwa mwalimu, lakini hakuwa na fedha za kulipia mafunzo kamili. Basi akaridhika kuwa mwalimu msaidizi, akafundisha shule ya masista huko Uingereza. Tulikumbuke jambo hili: yeye aliyekuja kuwafungulia wasichana wengi mlango wa shule, mwenyewe alizuiwa mlangoni kwa kukosa ada.

Mwaka 1895 aliingia utawa kwa masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Maria Kevin. Aliomba kutumwa kwa watu weusi wa Marekani, akangoja miaka mitatu. Ndipo Askofu Henry Hanlon, aliyekuwa mkuu wa misioni ya Mill Hill katika Uganda, alipoomba masista, na Sista Kevin akawa mmoja wa sita waliochaguliwa. Waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902, wakafika Nsambya tarehe 15 Januari 1903.

Walikuta nchi yenye msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, vijiji vizima vikabaki mahame. Masista walianza kutoa dawa chini ya mwembe, na kuwafundisha wasichana kusoma, kuhesabu na kushona. Mwaka 1906 walifungua misioni ya pili huko Nagalama, na baadaye nyingine huko Kamuli, katika Busoga. Mwaka 1910 mkubwa wao aliugua, na Sista Kevin akawekwa mahali pake. Kazi yake kwa wapagazi wagonjwa haikusahauliwa. Vita vilipokwisha, mwaka 1918, serikali ya Kiingereza ilimpa nishani. Lakini nishani haikumtuliza, maana moyoni alikuwa na huzuni nyingine kubwa zaidi.

Huzuni hiyo ilihusu akina mama wajawazito. Kila siku aliona wanawake wakifa katika uzazi, na watoto wachanga wakifa pamoja nao, kwa kukosa mkunga aliyefundishwa. Na yeye, aliyekuwa karibu nao hivyo, hakuwa na ruhusa ya kuwasaidia, kwa kuwa sheria ya Kanisa ya siku zile iliwakataza watawa kazi ya ukunga. Afanyeje? Kuivunja sheria hakuthubutu. Kukaa kimya hakuweza. Alifuata njia ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote mbili: alitii, asichoke kuomba, na wakati huo huo akatafuta mikono mingine. Daktari Evelyn Connolly, mwanamke asiye mtawa, alikuja Nsambya kufanya kazi pamoja naye, na kufika mwaka 1921 walikuwa wamekwisha kuanza kuwafundisha wasichana wa Uganda uuguzi na ukunga. Kwa hiyo kazi ambayo sista hakuruhusiwa kuifanya kwa mikono yake ilifanywa na mabinti wa nchi wenyewe. Yapata miaka kumi na mitano ilipita. Hatimaye, tarehe 11 Februari 1936, Roma ilitoa waraka wa kuwaruhusu masista kujifunza na kufanya kazi hiyo.

Mwaka 1923 alifanya jambo lingine ambalo wengi waliona halijapata wakati wake. Aliwakusanya wasichana wanane wa Kiafrika waliotaka kumtumikia Mungu, akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo makao yake ni Nkokonjeru. Wako waliosema kwamba binti wa Kiafrika hawezi kudumu katika maisha ya utawa. Mama Kevina hakubishana nao sana; aliwafundisha mabinti, akawaacha wajibu kwa maisha yao. Shirika lile limeenea Uganda, Kenya na hata Tanzania, na viongozi wake ni Waafrika wenyewe.

Kadhalika hakuwasahau waliotengwa. Palianzishwa makao ya wakoma huko Nyenga mwaka 1932, na Buluba mwaka 1934. Mwaka 1942 shule ya wasichana ya Mount Saint Mary's ilianza maisha yake huko Namagunga. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Specioza Wandira Kazibwe, aliyekuwa daktari, na tangu mwaka 1994 hata 2003 akawa Makamu wa Rais wa Uganda.

Mwaka 1952 masista wamisionari aliowaongoza walipata kuwa shirika linalojitegemea, la Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika, naye akawa Mama Mkuu wa kwanza. Alishika kazi hiyo mpaka mwaka 1955, alipokuwa na miaka 80. Je, alipumzika? Hapana. Alikwenda Boston, Marekani, akawa mkubwa wa nyumba ya masista, akizunguka kuomba msaada kwa ajili ya kazi za Afrika. Huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka 82. Mwili wake ulipelekwa kwanza Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali mama yao alale mbali nao. Waliomba wapewe, wakapewa; na mwezi wa Desemba mwaka ule ule akazikwa Nkokonjeru, katikati ya mabinti wake. Mwaka 2016 Kanisa lilianza huko kuchunguza maisha yake, ili ijulikane kama astahili kutangazwa mwenye heri.

Mama huyu hakuzaa mtoto. Lakini ni nani atakayekataa kwamba alikuwa mama? Mama si yule tu anayebeba mtoto. Ni yule pia anayemfundisha kutembea, na mtoto akitembea haoni wivu, bali hufurahi. Mama Kevina hakuwafundisha wasichana ili wamhitaji siku zote. Aliwafundisha ili siku moja wasimhitaji tena, na kwa sababu hiyo walimlilia alipokufa.

Basi turudi Sekenke tulikoanzia. Wazazi wa huko, na wa kila mahali penye machimbo, wajua jinsi mtoto avutwavyo atoke shuleni kwa ajili ya fedha ya siku moja. Wengine, mali inapopungua nyumbani, humwondoa kwanza binti, wakisema ya kwamba ataolewa tu. Twawasihi wakumbuke msichana yule wa Arklow aliyekosa ada. Ni wangapi walio kama yeye katika vijiji vyetu, ambao wakisaidiwa kidogo wangeweza kuwa wakunga, walimu, masista na mama wema wa nyumba zao? Sarafu za mwaka 1916 zimebaki chache, tena zimefungiwa katika makabati ya wakusanyaji. Lakini mabinti wa wale mabinti aliowafundisha Mama Kevina wangali wakipokea watoto wachanga na kufundisha darasani. Mwenye binti mwenye akili nyumbani mwake asimwache aketi bure. Na jirani mwenye uwezo asingoje kuombwa.